Mkojo wa mtoto waweza kufichua kidole tumbo

Na Mwandishi Wetu

MTOTO wa miaka sita anaamka usiku akilia kuwa tumbo linamuuma. Anatapika mara mbili, anakataa uji wa asubuhi na mwili wake unachemka. Wazazi wanadhani ni malaria, jirani anasema ni minyoo, na zahanati ya mtaani inampatia dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo. Siku ya pili jioni, mtoto huyo anafikishwa hospitali tumbo likiwa limekakamaa, na daktari wa upasuaji anakuta kidole tumbo kimekwishapasuka na usaha umesambaa.

Matukio ya namna hiyo huwapata watoto katika kila nchi, tajiri na maskini. Kidole tumbo, ambacho madaktari hukiita apendisaitisi pale kinapovimba, ndicho chanzo kikuu cha upasuaji wa dharura wa tumbo kwa watoto. Hata hivyo, hadi leo hakuna kipimo kimoja cha damu wala cha mkojo kinachoweza kumwambia daktari kwa uhakika kwamba mtoto huyu anao ugonjwa huo na yule hana.

Mwaka 2009 watafiti wa Hospitali ya Watoto ya Boston, nchini Marekani, walitangaza kuwa wamegundua protini katika mkojo wa watoto ambayo huongezeka sana pale kidole tumbo kinapovimba. Habari hiyo iliamsha matumaini makubwa kwamba siku moja muuguzi angechovya kijiti katika mkojo na kupata jibu ndani ya dakika chache.

Miaka mingi imepita tangu wakati huo. Kijiti hicho hakijawa sehemu ya huduma ya kawaida hospitalini, lakini utafiti umeendelea. Makala haya yanaeleza kidole tumbo ni nini, kwa nini ni vigumu kukitambua kwa watoto, watafiti walipata nini katika mkojo, na ni vikwazo gani vimezuia ugunduzi huo kufika kitandani kwa mgonjwa.

Kidole tumbo ni nini?

Kidole tumbo ni kijimrija chembamba, mfano wa kidole, kilichoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia chini ya tumbo. Karibu kila binadamu huzaliwa nacho. Kwa kawaida hakimsumbui mtu, na anayeondolewa kiungo hicho huishi maisha yake yote bila tatizo.

Ugonjwa huanza mara nyingi pale mdomo wa kijimrija hicho unapoziba. Kinachoziba chaweza kuwa kipande cha kinyesi kigumu, kuvimba kwa tezi ndogo zilizomo katika ukuta wake, na mara chache minyoo. Ute hujikusanya ndani, bakteria huzaliana, shinikizo hupanda na damu hushindwa kufika katika ukuta wa kiungo. Ukuta huo huanza kuoza na hatimaye hupasuka.

Kinapopasuka, kinyesi na usaha humwagika ndani ya tumbo na kuambukiza utando unaofunika viungo vya ndani. Hapo upasuaji uliokuwa mdogo hugeuka kuwa mkubwa, mtoto hulazwa siku nyingi zaidi, na maisha yake huwa hatarini. Hatari ya kupasuka huongezeka kadiri saa zinavyopita, hasa baada ya siku moja na nusu tangu maumivu yaanze.

Ugonjwa huu unakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya kumi na wanne hivi katika maisha yake, kwa takwimu za nchi za Magharibi. Huonekana zaidi kati ya umri wa miaka 10 na 19, lakini waweza kumpata mtoto mdogo wa miaka miwili au mitatu.

Historia ya upasuaji wake ilianza pia na mtoto. Mwaka 1735, daktari Claudius Amyand wa Hospitali ya St George's jijini London alimpasua mvulana wa miaka 11 aliyekuwa na ngiri, akakuta ndani yake kidole tumbo kilichotobolewa na pini aliyoimeza. Alikiondoa na mvulana akapona. Huo ndio upasuaji wa kwanza wa kuondoa kidole tumbo unaofahamika katika kumbukumbu za tiba.

Jina la kitaalamu la ugonjwa lilikuja baadaye. Mwaka 1886, daktari Reginald Fitz wa Boston alieleza kwamba maumivu mengi ya upande wa kulia wa tumbo yaliyokuwa yakiwaua watu yalitokana na kiungo hicho, akauita ugonjwa huo apendisaitisi na kusisitiza ugunduliwe mapema na kufanyiwa upasuaji. Takriban karne moja na robo baadaye, ni katika mji huohuo wa Boston ambako watafiti waliutafuta ugonjwa huo ndani ya mkojo.

Ugumu wa kuwatambua watoto

Kwa mtu mzima, ugonjwa huu huwa na simulizi inayofahamika. Maumivu huanzia karibu na kitovu, baada ya saa kadhaa huhamia chini upande wa kulia, hamu ya chakula hupotea, kisha hufuata kichefuchefu, kutapika na homa ya wastani. Mgonjwa hupenda kulala bila kujitikisa.

Mtoto mdogo hawezi kusimulia hayo. Akiulizwa panapouma, huweka mkono kwenye kitovu. Akiguswa tumbo, hulia kwa hofu ya daktari sawasawa na anavyolia kwa maumivu. Wengine huharisha, jambo linalomfanya mzazi na hata mganga kudhani ni chakula kibaya.

Aidha, magonjwa yanayofanana na kidole tumbo kwa watoto ni mengi. Yamo maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya matumbo, kuvimba kwa tezi za ndani ya tumbo kutokana na virusi, na kufunga choo. Nimonia ya sehemu ya chini ya pafu huweza kumfanya mtoto alalamikie tumbo. Mtoto mwenye selimundu hupata maumivu makali ya tumbo, vivyo hivyo mwenye kisukari ambacho hakijagunduliwa. Kwa mvulana, korodani iliyojinyonga huweza kuanza kama maumivu ya tumbo. Kwa msichana aliyevunja ungo, matatizo ya mfuko wa mayai hufanana sana na kidole tumbo.

Kutokana na ugumu huo, makosa hutokea pande zote mbili. Watafiti wa Boston walipotoa matokeo yao mwaka 2009, walieleza kwamba kati ya asilimia 3 na 30 ya watoto hufanyiwa upasuaji wa kuondoa kidole tumbo ambacho kumbe ni kizima, ilhali kati ya asilimia 30 na 45 ya wale wanaobainika kuwa na ugonjwa hukutwa kimekwishapasuka.

Hapo ndipo ulipo mtego wa daktari. Akiharakisha, atampasua mtoto asiyehitaji kisu. Akisubiri, kidole tumbo kitapasuka mikononi mwake. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano hatari ya kukikuta kimepasuka ni kubwa zaidi, kwa sababu ugonjwa huchelewa kutambuliwa na miili yao haina uwezo mkubwa wa kuuzuia usaha usisambae.

Njia zinazotumika

Nguzo ya kwanza ya utambuzi bado ni daktari mwenyewe: masikio yake, mikono yake na uzoefu wake. Huuliza maumivu yalianza lini na wapi, hugusa tumbo taratibu, na pengine humtaka mtoto aruke au akohoe ili kuona kama maumivu yanaongezeka.

Nguzo ya pili ni damu. Chembe nyeupe za damu huongezeka mwili unapopambana na uvimbe, na protini iitwayo CRP hupanda. Tatizo ni kwamba viwili hivyo hupanda katika magonjwa mengi, kuanzia nimonia hadi jipu la mguu. Vinaweza kumwambia daktari kwamba kuna moto ndani ya nyumba, lakini si chumba gani kinachoungua.

Ili kuunganisha dalili na vipimo, madaktari hutumia mifumo ya alama. Mwaka 1986 daktari Alfredo Alvarado alichapisha mfumo wenye jumla ya alama 10, na mwaka 2002 daktari Madan Samuel akatoa mfumo mahsusi kwa watoto, nao wenye alama 10. Mtoto mwenye alama chache huweza kurudi nyumbani kwa uangalizi, mwenye alama nyingi hupelekwa kwa mpasuaji. Wanaobaki katikati ndio wanaowapa madaktari shida.

Nguzo ya tatu ni picha. Ultrasaundi, inayotumia mawimbi ya sauti, haina mionzi na ni salama kwa mtoto, lakini hutegemea sana ustadi wa anayeiendesha, na mara nyingine kidole tumbo hakionekani kabisa. Kipimo cha CT-Scan huonyesha vizuri zaidi, ila humpitishia mtoto mionzi ambayo huongeza kidogo uwezekano wa kupata saratani siku za usoni. Hatari hiyo ni kubwa kwa watoto kuliko kwa watu wazima, kwa kuwa chembe zao bado zinagawanyika kwa kasi na wana miaka mingi ya kuishi mbele yao. Ndiyo maana hospitali nyingi za watoto huanza na ultrasaundi.

Kwa nini mkojo?

Figo huchuja damu usiku na mchana. Mabaki ya kazi za mwili, chumvi, na vipande vya protini mbalimbali huishia katika mkojo. Kwa hiyo mkojo ni kama taarifa inayotoka ndani ya mwili bila kuhitaji sindano. Kwa mtoto anayeogopa sindano, na kwa muuguzi anayepata shida ya kuuona mshipa wake, faida hiyo si ndogo.

Mkojo hupimwa tangu zamani kwa watoto wenye maumivu ya tumbo, lakini kwa lengo jingine: kuona kama wana maambukizi ya njia ya mkojo. Kijiti cha rangi huchovywa, na kikionyesha chembe nyeupe, mtoto hupewa dawa.

Hapo pana hatari ambayo wengi hawaifahamu. Kidole tumbo kilichovimba huweza kuegemea mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, au kibofu chenyewe, na kuvichokoza. Chembe nyeupe chache hujitokeza katika mkojo ingawa mtoto hana maambukizi yoyote ya mkojo. Daktari asiyekuwa makini huridhika na jibu hilo, mtoto akapewa vidonge na kurudishwa nyumbani na kidole tumbo chake. Kijiti cha kawaida, kwa maana hiyo, huweza kupoteza njia.

Swali waliloliuliza watafiti wa Boston lilikuwa tofauti: je, katika mkojo huohuo kuna kitu kinachotoka kwenye kidole tumbo chenyewe?

Utafiti wa Boston

Kazi hiyo iliongozwa na Alex Kentsis, Richard Bachur na Hanno Steen, na matokeo yake yalichapishwa na jarida la Annals of Emergency Medicine mwaka 2009. Bachur ni daktari wa dharura za watoto, na Steen alikuwa mkurugenzi wa kituo cha hospitali hiyo kinachochunguza protini.

Walianza na sampuli 12 za mkojo: sita za watoto wenye kidole tumbo na sita za watoto wasiokuwa nacho. Walizipitisha katika mashine iitwayo spektrometa ya masi, ambayo huvunja protini vipande vipande na kuvipima uzito kimoja kimoja, ili kujua ni protini zipi zimo na kwa kiasi gani. Mkojo una protini za aina nyingi mno, nyingine kwa kiasi kidogo sana, hivyo kazi hiyo haikuwezekana kabla ya mashine za namna hiyo kuboreshwa.

Kutokana na sampuli hizo walipata protini 32 zilizotofautiana kati ya wagonjwa na wasio wagonjwa. Wakaongeza nyingine zilizopatikana kwa njia tofauti, ikiwemo uchunguzi wa jeni zinazofanya kazi katika vidole tumbo vilivyovimba. Jumla ikawa viashiria 57 vilivyostahili kujaribiwa.

Hatua ya pili ilikuwa kuvijaribu viashiria hivyo kwa watoto wengine 67 waliofika hospitalini hapo katika kipindi cha miezi 18 wakishukiwa kuwa na kidole tumbo. Kati yao, 25 walithibitishwa kuwa nacho. Viashiria saba vilionyesha uwezo wa kutofautisha makundi hayo mawili.

Kimoja kiliwashinda wenzake. Ni glaikoprotini ya alfa-2 yenye leusini nyingi, ambayo kwa kifupi huitwa LRG. Katika kipimo cha ubora ambapo 1.0 ni ukamilifu na 0.5 ni sawa na kubahatisha kwa kurusha sarafu, LRG ilipata 0.97. Maana yake ni kwamba ukimchukua bila kuchagua mtoto mmoja mwenye ugonjwa na mmoja asiyekuwa nao, katika nafasi 97 kati ya 100 mwenye ugonjwa ndiye atakayekuwa na LRG nyingi zaidi.

Watafiti walikwenda mbali zaidi na kuvichunguza vidole tumbo vyenyewe vilivyoondolewa. LRG ilikutwa kwa wingi katika vile vilivyougua, hata katika baadhi ya vile vilivyoonekana vizima kwa macho, na wingi wake ulilingana na ukali wa ugonjwa. Hilo liliongeza uzito wa hoja kwamba protini hiyo inahusiana na uvimbe huo na haikuonekana kwa bahati tu.

Kutoka maabara hadi wodini

Pamoja na matokeo hayo mazuri, safari ya kuelekea wodini imekuwa ndefu, na sababu zake zafaa kueleweka na kila anayesoma habari za uvumbuzi wa tiba.

Sababu ya kwanza ni mashine. Spektrometa ya masi ni ghali, huhitaji wataalamu na hutoa majibu polepole. Hospitali hazina mashine hiyo katika chumba cha dharura. Ili LRG iwe na manufaa, ilihitajika njia rahisi inayotumia kingamwili, kama ile ya kijiti cha kupima ujauzito.

Mwaka 2012 kundi hilohilo la Boston lilichapisha jaribio la kupima LRG kwa kifaa cha kingamwili kilichokuwa kikiuzwa madukani kwa ajili ya maabara. Vitu vingine vilivyomo katika mkojo viliingilia kipimo hicho, na uwezo wake wa kutofautisha wagonjwa ukawa chini ya ule wa spektrometa. Protini ilikuwa ileile, ila kifaa hakikuiona vizuri.

Sababu ya pili ni mkojo wenyewe. Mtoto aliyekunywa maji mengi hutoa mkojo mwepesi, na aliyetapika usiku kucha hutoa mkojo mzito. Kiasi cha protini hubadilika kutokana na hilo tu. Watafiti hurekebisha tofauti hiyo kwa kupima pia kreatinini, taka ambayo mwili huitoa kwa kiwango kinachokaribia kuwa sawa, lakini marekebisho hayo huongeza hatua nyingine katika kipimo.

Sababu ya tatu ni kwamba LRG si mali ya kidole tumbo peke yake. Hutengenezwa na ini na hubebwa na aina ya chembe nyeupe za damu, hivyo huongezeka katika magonjwa mengine ya uvimbe. Nchini Japani, kwa mfano, LRG katika damu hutumika kufuatilia wagonjwa wenye uvimbe wa kudumu wa utumbo. Mtoto mwenye maambukizi makali ya figo anaweza naye kuwa na LRG nyingi.

Sababu ya nne ni hesabu. Chukulia mfano wa watoto 100 wanaofika kliniki kwa maumivu ya tumbo, na kumi kati yao wana kidole tumbo. Chukulia pia kipimo kizuri kinachowakamata tisa kati ya kumi wenye ugonjwa, na kinachokosea kwa mmoja kati ya kila kumi wasiokuwa nao. Kipimo hicho kitawapata tisa walio wagonjwa kweli, lakini pia kitawatuhumu tisa kati ya 90 wasiougua. Watoto 18 wataambiwa wanao ugonjwa, na nusu yao hawana.

Kwa upande mwingine, kati ya watoto 82 watakaoambiwa hawana, 81 hawana kweli, na mmoja tu atakuwa amepitwa. Hesabu hiyo inaonyesha mahali ambapo kipimo cha mkojo kinaweza kufaa zaidi: kumwondolea mashaka mtoto asiye mgonjwa, kuliko kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye kisu.

Inaonyesha pia kwa nini matokeo ya Boston hayawezi kuhamishwa hivihivi kwenda kila mahali. Watoto 25 kati ya 67 waliochunguzwa kule walikuwa na ugonjwa, kwa sababu walikuwa wamekwishachujwa na madaktari wenye shaka. Katika zahanati, ambako wengi wana maumivu ya kawaida, kipimo hichohicho kingetoa majibu mengi zaidi ya kupotosha.

Juhudi nyingine

Kundi la watafiti wa Lund, nchini Sweden, lilichapisha matokeo yake mwaka 2016 baada ya kupima LRG katika mkojo wa kundi dogo la watoto waliokuwa wakishukiwa kuwa na kidole tumbo. Walichobaini ni kwamba LRG ikiunganishwa na mfumo wa alama wa watoto, hufanya kazi vizuri kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Kabla ya hapo, mwaka 2004, watafiti wa Shiraz nchini Iran waliripoti kuhusu taka nyingine ya mkojo ijulikanayo kama 5-HIAA. Hii hutokana na serotonini, kemikali inayopatikana kwa wingi katika chembe za ukuta wa kidole tumbo. Wazo lao lilikuwa kwamba kiungo hicho kinapovimba, serotonini humwagika na mabaki yake huonekana katika mkojo. Tafiti zilizofuata zimetoa majibu yanayopingana: baadhi ziliunga mkono, nyingine hazikuona faida.

Mwelekeo wa sasa, kwa hiyo, si kutafuta protini moja ya miujiza. Ni kuunganisha viashiria kadhaa, dalili za mgonjwa na ultrasaundi, ili daktari apate picha kamili kabla ya kufikia CT-Scan au kisu.

Umuhimu wa jambo hili umeongezeka kutokana na mabadiliko ya tiba yenyewe. Zamani, kila kidole tumbo kilichovimba kiliondolewa. Sasa baadhi ya wagonjwa ambao kiungo chao hakijapasuka hutibiwa kwa antibaiotiki pekee. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi kadhaa na kuchapishwa na jarida la Lancet mwaka 2025 ulilinganisha njia hizo mbili kwa watoto. Ndani ya mwaka mmoja, tiba ya antibaiotiki haikufaulu kwa asilimia 34 ya waliopewa, ikilinganishwa na asilimia 7 kwa waliofanyiwa upasuaji.

Kwa maneno mengine, takriban theluthi mbili ya watoto waliopewa dawa waliepuka kisu katika mwaka huo, lakini upasuaji uliendelea kuwa wa uhakika zaidi. Kipimo kinachoweza kuonyesha ukali wa uvimbe, si kuwapo kwake tu, kingewasaidia madaktari kujua ni mtoto yupi atibiwe kwa dawa na yupi asicheleweshwe. Hilo ndilo linalofanya uhusiano kati ya wingi wa LRG na ukali wa ugonjwa, ulioonekana Boston, uendelee kuwavutia watafiti.

Maana yake kwa Afrika Mashariki

Katika nchi za Afrika Mashariki, mashine za CT-Scan hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za mijini. Ultrasaundi zimeenea zaidi, lakini wataalamu wenye uzoefu wa kukitafuta kidole tumbo cha mtoto mdogo si wengi, hasa nyakati za usiku. Mtoto wa kijijini huweza kupitia zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya kabla ya kumfikia mpasuaji.

Katika safari hiyo, malaria, homa ya matumbo na maambukizi ya njia ya mkojo ndiyo magonjwa yanayofikiriwa kwanza, kwa kuwa ni ya kawaida. Kipimo cha malaria huweza kuonyesha vimelea kwa mtoto ambaye pia ana kidole tumbo, na jibu hilo likafunga mjadala mapema mno.

Kwa mazingira hayo, kijiti cha mkojo kinachofanya kazi bila umeme wala mashine kubwa kingekuwa na thamani kuliko hata kilivyo Boston. Kingemwezesha tabibu wa zahanati kuamua ni mtoto gani apewe rufaa usiku huohuo na yupi arejee kesho kuangaliwa. Hata hivyo, kabla ya kutumika huku, kingelazimika kujaribiwa kwa watoto wa huku, ambao wana malaria, kichocho na selimundu, hali ambazo zinaweza kubadilisha kinachoonekana katika mkojo.

Mzazi afanye nini?

Wakati kipimo hicho kikisubiriwa, ulinzi mkubwa wa mtoto unabaki kuwa macho ya mzazi na kuwahi hospitali. Dalili zinazopaswa kumtia mzazi wasiwasi ni hizi:

- Maumivu ya tumbo yanayodumu zaidi ya saa chache na kuongezeka, hasa yakihamia chini upande wa kulia.
- Mtoto kukataa chakula, hata kile anachokipenda, na kutapika baada ya maumivu kuanza.
- Kutembea ameinama, kuchechemea, au kukataa kuruka na kucheza.
- Homa inayoambatana na tumbo gumu ambalo hataki liguswe.
- Mtoto mdogo kulegea, kujikunja na kulia kila anapobebwa au gari linaporuka shimo.

Mzazi hapaswi kumpa mtoto mwenye dalili hizo dawa ya kuharisha wala kumpiga bomba la maji, kwa sababu huweza kuharakisha kupasuka. Si vyema kumlazimisha kula, kwani huenda akahitaji upasuaji. Antibaiotiki zilizobaki nyumbani hazifai. Huweza kuficha dalili kwa muda huku ugonjwa ukiendelea.

Jambo jingine ni maumivu yanayopungua ghafla. Mtoto aliyekuwa akilia usiku kucha akinyamaza asubuhi, wengi hushukuru na kuahirisha safari. Nafuu hiyo huweza kumaanisha kuwa kidole tumbo kimepasuka na shinikizo limeondoka. Saa chache baadaye tumbo lote huanza kuuma na homa hupanda.

Kuhusu dawa za kutuliza maumivu, madaktari wa zamani waliogopa kuzitoa kabla ya mpasuaji kufika, wakidhani zitaficha ugonjwa. Tafiti zimeonyesha kwamba mtoto aliyekwishafika hospitalini anaweza kutulizwa maumivu bila kuharibu utambuzi, na kumgusa tumbo huwa rahisi zaidi.

Mzazi anayeambiwa mtoto wake ana maambukizi ya njia ya mkojo au malaria ana haki ya kuuliza kama tumbo limechunguzwa kwa ajili ya kidole tumbo, na arudi upesi endapo maumivu hayatapungua ndani ya saa 12 hadi 24. Kurudi mara ya pili si usumbufu kwa daktari. Kwa ugonjwa unaobadilika kila saa, kumwangalia mtoto tena ni mojawapo ya vipimo bora vilivyopo.

Protini iliyoonekana Boston mwaka 2009 ilionyesha kuwa mwili wa mtoto huacha alama ya ugonjwa huu katika mkojo. Kilichobaki ni kupata kifaa cha bei nafuu kinachoweza kuisoma alama hiyo bila kudanganyika, na kukijaribu kwa watoto wengi wa nchi nyingi. Hadi hapo, mtoto anayeamka usiku akilia tumbo ataendelea kutegemea mzazi asiyepuuza na daktari asiyeridhika na jibu la kwanza.